Mbegu ilitufikia, bima haikufika

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Manispaa ya Iringa ina watu 202,000 na ushee. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa, ina watu 214,133. Namba hizo nilikuwa nazo kichwani nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu, ambaye ni muuguzi kule, na ndizo zilizonifanya niutazame mji wao kwa jicho la mtu wa Kihesa, mtaa wetu pale Iringa, tangu nilipotua. Ni kweli ukijumlisha vitongoji kama West Des Moines na Ankeny hesabu inapanda hadi laki saba hivi. Lakini mji wenyewe, ule wenye meya na mto na barabara za zamani, ni saizi yetu. Nao, kama wetu, umezungukwa na mahindi pande zote.

Wengi wetu tukisikia Marekani tunaona maghorofa ya New York. Iowa ni katikati ya nchi, mbali na bahari zote mbili. Huko mkulima ana heshima yake, wanasiasa wanamfuata hadi shambani, na habari za mvua hutangazwa kabla ya habari za mpira. Nilijisikia nyumbani haraka kuliko nilivyotarajia, na nikaanza kuuliza maswali ambayo mwenyeji wangu hakuwa amewahi kujiuliza.

Mji kwanza. Jengo la bunge la jimbo liko juu ya kilima, mashariki ya mto, na kuba lake limefunikwa kwa dhahabu halisi, nyembamba kama karatasi. Walilijenga kuanzia mwaka 1871 hadi 1886, na jua likiwa linazama unaliona ukiwa mbali sana. Mito ni miwili, Des Moines na Raccoon, inakutana katikati ya mji. Majengo ya katikati yameunganishwa kwa njia za juu, ghorofa ya pili, zimefungwa vioo, zinapita juu ya barabara kutoka jengo hadi jengo kwa zaidi ya kilomita sita. Wamezijenga kwa ajili ya baridi, maana Januari kule maji ya mto yanaganda. Ila watu wamezoea kupita huko juu hata wakati wa joto, na huku chini barabara imebaki ya magari. Saa kumi na moja jioni, muda ambao pale Mashine Tatu, Iringa mjini, huwezi kupishana na mtu bila kugusana mabega, mimi nilitembea mtaa mzima wa katikati ya mji nikiwa peke yangu. Hakuna anayechoma mahindi. Hakuna mwenye meza ya vocha wala bajaji inayokuita. Ni mji msafi, umepangwa vizuri, na ukimya wake ulinilemea siku za mwanzo.

Jumamosi asubuhi ilinirudishia roho. Barabara ya Court inafungwa, wakulima wanaleta nyanya, asali, jibini na maua, na watu ambao wiki nzima hukuwaona wanajitokeza na watoto na mbwa wao. Hapo ndipo nilipoona kuwa ni watu wa salamu. Mtu usiyemjua anakuuliza umetokeaje, anasimama kusikiliza jibu. Kwenye njia panda isiyo na taa, magari manne yanafika pamoja na kila dereva anampungia mwenzake mkono apite kwanza. Mimi ni Mhehe, nimelelewa kwenye salamu ndefu, na kitu hicho nakiheshimu popote nikikikuta.

Nilimuuliza mdogo wangu: mji huu unaishi kwa kazi gani? Nilitegemea aseme mahindi. Akasema bima. Akanionyesha jengo refu kuliko yote mjini, limeandikwa namba ya mtaa wake, 801 Grand, linalojulikana pia kwa jina la kampuni ya Principal, ambayo ilianza mwaka 1879 kwa kuwauzia watu wa benki bima ya maisha. Ukitembea katikati ya mji unapita kampuni ya bima moja baada ya nyingine. Kwetu bima ni karatasi ya kuonyesha trafiki barabarani. Sikuelewa mji mzima unawezaje kula kwa kazi hiyo, na jibu nilikuja kulipata shambani, si mjini.

Kabla ya shambani niseme habari ya maonyesho. Mwaka 2025 maonyesho ya jimbo la Iowa yalianza Agosti 7, siku moja kabla ya Nane Nane yetu, sikukuu ya wakulima. Sisi watu wa Iringa tunapanda mabasi kwenda viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya. Wao wanakuja Des Moines, siku kumi na moja, na idadi ya wanaoingia inapita milioni moja wakati jimbo zima lina watu milioni tatu na kidogo. Kuna ng'ombe mzima aliyefinyangwa kwa siagi, wa saizi ya ng'ombe wa kweli, amesimama kwenye chumba cha baridi chenye kioo, na desturi hiyo ipo tangu mwaka 1911. Watu wanapanga foleni ndefu kumwona. Lakini kilichonishika zaidi ni watoto. Mtoto wa miaka kumi na miwili analeta nguruwe aliyemfuga mwenyewe, anamtembeza mbele ya mwamuzi, amechomekea shati, uso umekaza, na mwamuzi anamweleza kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote, mgongo wa nguruwe wake una kasoro gani. Mtoto anaitikia kwa kichwa. Nane Nane yetu ina mabanda mengi ya taasisi na vipeperushi vizuri, ila sijawahi kumwona mtoto wa mkulima akipewa uwanja aelezwe kazi yake kwa uzito namna ile. Natamani tuanze.

Mwezi wa kumi, mfanyakazi mwenzake mdogo wangu alitualika kwa wazazi wake, magharibi ya mji, njia ya kwenda Omaha. Tulitoka Des Moines na baada ya muda mfupi mji ulikatika ghafla, yakabaki mahindi na soya, mahindi na soya, hadi jicho linachoka. Yalikuwa yameshakauka yakisubiri kuvunwa. Wastani wa shamba moja Iowa ni zaidi ya eka 340. Shamba la mzee huyo lilikuwa kubwa kuliko hapo, na wanaolilima ni yeye, mwanawe mmoja na kijana wa kusaidia msimu wa mavuno. Basi.

Alinipandisha kwenye mashine ya kuvunia. Ndani kuna kiti cha pili, feni ya baridi, na kioo mbele yake kinachoonyesha kila hatua unapata kiasi gani. Mashine inameza mistari minane kwa pamoja, inakata, inamenya, inapukuchua, na punje zinamwagika nyuma yetu kama mvua juu ya bati. Nikapiga hesabu kwa vipimo vyetu. Iowa hupata karibu busheli 200 kwa eka, busheli moja ni kilo 25 na ushee. Hiyo ni gunia hamsini za kilo mia kwa eka moja. Kule Ismani, nje ya mji wa Iringa, kwenye shamba la baba, mwaka mzuri ni gunia kumi na tano, na akifika ishirini majirani wanakuja kumpa hongera.

Alisimamisha mashine akachota punje akanipa. Niliiuma moja kwa jino la nyuma, kama mama afanyavyo sokoni kabla hajakubali bei. Punje kavu hulia ikipasuka. Hii ilibonyea kidogo kwanza ndipo ikakatika. Nikamwambia haijakauka bado. Akatia nyingine kwenye kipimo chake, ikasoma unyevu asilimia 18. Sokoni wanataka 15, kwa hiyo itabidi aikaushe kwa gesi ndani ya kihenge. Mzee yule alinitazama, akaokota punje naye akaiuma, akasema baba yake alikuwa akipima hivyo hivyo.

Mahindi yao ni ya njano. Wazee wetu wanayakumbuka. Miaka ya njaa, miaka ya 1970 na 1980, ulipofika unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, watu waliuita Yanga kwa rangi ya jezi za Young Africans, wakaula kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilimuuliza mzee kama wao wanayala. Akasema hapana, haya si ya kula. Nyuma ya nyumba alikuwa na mistari michache ya mahindi matamu ya kuchemsha, ndiyo ya familia. Hayo mengine yote, hadi upeo wa macho, yanaenda kwingine: zaidi ya nusu ya mahindi ya Iowa yanaingia kwenye viwanda vya ethanoli, mafuta ya kuchanganya na petroli, na jimbo lina viwanda zaidi ya 40 vya kazi hiyo. Mengine huliwa na nguruwe. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20, yaani kila mtu mmoja ana nguruwe zaidi ya sita, ingawa unaweza kuendesha gari siku nzima usimwone hata mmoja, maana wanaishi ndani ya mabanda marefu yenye feni.

Nilikaa kimya kidogo hapo. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo gunia la mahindi ni ada, ni harusi, ni chakula cha Februari, hawezi kusikia kwamba yanachomwa kwenye injini akaendelea na maongezi mengine. Simlaumu mzee. Analima kinachonunuliwa. Lakini nasema nilivyojisikia.

Tulipeleka lori moja sokoni. Lori linapanda juu ya mizani likiwa na mzigo, linamwaga, linapanda tena likiwa tupu, na karatasi inatoka imeandikwa kilo, unyevu na bei. Hakuna dalali anayekanyaga gunia kwa mguu. Hakuna lumbesa. Mkulima wetu amepoteza kiasi gani tangu uhuru kwenye lile rundo linaloshonewa juu ya mdomo wa gunia? Sheria ya vipimo tunayo, mizani inauzwa, na bado kila msimu tunafungasha vile vile.

Jioni ndipo habari ya bima ilipokuja. Alinionyesha picha kwenye simu, za tarehe 10 Agosti 2020. Siku hiyo upepo mkali sana ulikatiza jimbo zima kutoka magharibi kwenda mashariki, ukalaza mahindi mamilioni ya eka na kukunja vihenge vya bati kama vikopo. Kwenye picha mahindi yake yalikuwa yamelala chini yote yakielekea upande mmoja. Nikamuuliza mwaka ule mlikula nini. Hakulielewa swali mara moja. Kisha akaleta faili.

Kwenye faili kuna mavuno yake ya miaka ya nyuma, mwaka kwa mwaka. Kutokana na hayo wanapata wastani wake. Kabla ya katikati ya Machi anachagua akingwe kwa kiwango gani, na anaweza kufika asilimia 85 ya mapato anayotarajia. Bei ya kupigia hesabu inatokana na soko la Februari. Ikifika Oktoba bei ikiwa imepanda, wanachukua ile ya juu. Mavuno yakipungua au bei ikianguka, akaenda chini ya kiwango alichochagua, analipwa tofauti. Na ada ya bima hailipi yote mwenyewe: serikali ya Marekani inabeba zaidi ya nusu. Baada ya upepo ule mtu wa bima alifika, akatembea shambani, akahesabu, na mkulima akawa na fedha ya kununua mbegu msimu uliofuata. Alipoteza mahindi. Shamba hakulipoteza.

Nyuma ya jambo hili kuna mtu mmoja ambaye watu wa Iowa wanamjua vizuri na sisi tunapaswa kumjua. Henry A. Wallace alizaliwa mwaka 1888 katika wilaya ya Adair, si mbali na Des Moines. Mwaka 1926 alianzisha kampuni ya kuuza mbegu chotara za mahindi, ile iliyokuja kuitwa Pioneer. Mwaka 1933 akawa waziri wa kilimo wa Rais Roosevelt, na mwaka 1938, akiwa waziri, ikapita sheria iliyoanzisha bima ya mazao ya serikali. Ikaanza na ngano, mahindi yakafuata. Alitaka pia nchi iwe na ghala la akiba: serikali inunue mwaka wa neema, ifungue mwaka wa njaa. Baadaye akawa Makamu wa Rais.

Kwa hiyo mbegu chotara na bima ya mazao, mambo mawili yaliyomjenga mkulima wa Iowa, yalipita mikononi mwa mtu yule yule kwa miaka kumi na miwili tu kutengana. Sasa angalia kilichotufikia. Mbegu za Pioneer zinauzwa Tanzania, kwenye maduka ya pembejeo, pamoja na za kampuni nyingine. Mbolea ya ruzuku tunayo tangu msimu wa 2022/23. Ghala la akiba tunalo, wakala wa hifadhi ya chakula unanunua kila msimu. Hata viwavijeshi vamizi, asili yao ni bara la Amerika, walionekana Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata walikuwa wameshaingia nchini kwetu. Bima ndiyo iliyobaki njiani.

Najua viwavi walivyofika kwa sababu walikula shamba la baba. Mbegu ilikuwa ya kununua, mbolea ya kukopa. Asubuhi majani yalikuwa na matundu, ukifunua moyo wa mhindi unakuta kinyesi kama unga wa mbao na kiwavi amejikunja ndani. Baba alitia majivu, akatia mchanga, akanunua dawa kwa deni jingine. Msimu ule alipata gunia nne kwa eka tatu. Mdogo wangu huyu huyu, muuguzi wa Des Moines, alikuwa chuoni mwaka wake wa pili, na ada yake ilipatikana kwa sababu ukoo ulikaa kikao na kila nyumba ikatoa ilichoweza. Shangazi aliuza mbuzi. Hiyo ndiyo bima yetu, na siidharau; ndiyo iliyomfikisha alipo.

Lakini nilipokuwa nimekaa mezani kwa yule mzee na faili lake, nililiona jambo ambalo sikuwahi kuliwaza vizuri. Ukoo ni bima nzuri sana ya msiba na ya ugonjwa, kwa sababu hatufi wote siku moja wala hatuugui wote mwezi mmoja. Aliye mzima anambeba aliyeanguka. Ukame hauji hivyo. Mvua ikikatika Ismani inakatika kwa baba, kwa baba mdogo, kwa shangazi na kwa jirani, wote msimu mmoja. Kikao kinaitishwa na hakuna mwenye mbuzi wa kuuza kwa bei ya maana, maana kila mtu anauza mbuzi wiki hiyo hiyo. Kwa hasara ya namna hii anahitajika mtu aliye mbali na wingu lako, mtu wa Kagera, wa Dar es Salaam, mfuko wa nchi nzima. Hilo ndilo Wamarekani walilikubali mwaka 1938, baada ya miaka ya ukame na vumbi iliyowafukuza watu wengi mashambani. Hawakulikubali kwa sababu walikuwa matajiri. Walikuwa wamefilisika.

Sitaki mtu anisome akadhani nimeona paradiso. Bei ya mambo yale ni kubwa na mji wa Des Moines unailipa kila siku kwenye bomba. Ardhi ya Iowa ilikuwa na tope na maji. Wamezika mabomba chini ya mashamba ili maji yatoke haraka, na maji hayo yanaondoka na naitreti ya mbolea hadi mtoni. Mji unakunywa mto. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa ni miligramu 10 kwa lita, kwa sababu zikizidi, mtoto mchanga damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya maji ya Des Moines ina mtambo maalumu wa kuziondoa, mmojawapo wa mikubwa kabisa ya aina yake duniani, na gharama yake inaingia kwenye bili ya mwenye nyumba. Mwaka 2015 mamlaka hiyo ilizishtaki wilaya tatu za juu ya mto. Mwaka 2017 kesi ikatupwa. Juni 2025, kabla sijafika, watu wa Des Moines na miji jirani walikatazwa kumwagilia nyasi kwa sababu mitambo ilikuwa imezidiwa. Mzee wa shamba ana wa kumlipia hasara yake. Hasara anayoipeleka mtoni inalipwa na mwingine. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, na hakukataa; alisema anapanda majani ya kufunika udongo wakati wa baridi, majirani wengi hawapandi.

Na bima haikuwaokoa na kila kitu. Miaka ya 1980 bei ya ardhi iliporomoka, riba ikapanda, na benki zikauza mashamba ya watu. Desemba 9, 1985, katika kijiji cha Hills na mashamba ya jirani, mashariki ya Iowa, mkulima mmoja aliyelemewa na madeni alimuua mkewe, akamuua mkuu wa benki na jirani, kisha akajiua. Nilipoambiwa habari hiyo nilikumbuka Ismani. Desemba 25, 1971, mkuu wetu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake Mkungugu, wakati wa kuhamisha watu na mashamba kuingia vijiji vya ujamaa. Sababu hazifanani, na siyaweki mambo haya kwenye mizani moja. Nasema tu kwamba nimekulia karibu na Mkungugu, najua mtu anavyoweza kubadilika shamba lake linapotaka kuondoka mikononi, na nikaona wazee wa Iowa wanalisimulia la kwao kwa sauti ile ile ya chini wanayoitumia wazee wetu.

Nguruwe wale wanaokula mahindi niliwafuata hadi mwisho wao bila kukusudia. Kuna duka kaskazini mwa mji linalouza dagaa, mawese, majani ya muhogo ya kugandishwa na unga mweupe. Mwenye kupanga bidhaa alikuwa mama wa Kikongo, na aliposikia Kiswahili changu aliniacha na kapu, akanishika mikono yote miwili. Alizaliwa Fizi, amekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma tangu msichana, watoto wake wawili wakubwa walizaliwa kwenye ardhi ya Tanzania. "Dada, wewe ni wa kwetu," akaniambia, na sikuwa na cha kupinga. Usiku anafanya kazi kiwanda cha nyama, anakata mabega ya nguruwe kwenye mkanda unaotembea, na alinionyesha kidole cha kati ambacho hakinyooki tena. Iowa ina historia ya kuwapokea wakimbizi. Mwaka 1975 Gavana Robert Ray aliwakaribisha watu wa Tai Dam kutoka Asia ya Kusini-Mashariki kwa pamoja, wasitenganishwe, na tangu hapo wamekuja Wabosnia, Wasudani, watu wa Burma, Warundi, Wakongo. Niliwauliza wenyeji wengi nani anafanya kazi viwanda vya nyama, na wote walijua jibu. Mama huyu anakula ugali kila siku na amezungukwa na mahindi ya nchi nzima. Unga wake ananunua dukani hapo, kwa mfuko mdogo.

Jumapili ile nilimpigia baba. Nilimweleza gunia hamsini, akanyamaza, akasema udongo haulingani na asiulizwe. Nilimweleza bima, akaamka. Aliuliza maswali mfululizo, na kila swali lilikuwa la maana kuliko yangu. Anayekuja kuhesabu hasara analipwa na nani? Nikamjibu ni wa kampuni ya bima. Akasema basi ataona hasara ndogo. Nikamweleza kwamba kampuni ni nyingi ila ada zinapangwa na serikali, kwa hiyo hazishindani kwa bei, na mkulima anachagua wa kumhudumia. Akataka kujua kwetu ada inapangwa na nani. Bima ya mazao imeanza kusikika nyumbani miaka hii ya karibuni, na swali hilo ndilo atakalolipeleka kwenye kikao cha ushirika wao kabla mvua za Desemba hazijaanza. La pili atakalopeleka ni kwamba ruzuku ya ada ya bima ipewe kipaumbele sawa na mbolea ya ruzuku, kwa sababu mbolea bila mvua ni deni.

Kisha akauliza wanajuaje wastani wako ni ngapi. Nikasema kwa kumbukumbu, mwaka kwa mwaka, zimeandikwa. Hapo alikaa kimya muda mrefu. Wiki iliyofuata mdogo wangu alipokea picha za kurasa za daftari: baba ameanza kuandika mavuno ya kila msimu tangu 2015, kwa kutumia stakabadhi za mbolea na tarehe za ada za shule. Mama ameshaukataa mwaka 2019. Anasema zilikuwa gunia kumi na moja, si kumi na nne, na aliyeziuza ni yeye.